Ziwa la Wafu limewekwa rafu isiyo yake

Mbwa amelala ukingoni mwa ziwa dogo la msituni, amekufa. Mwenyewe haonekani. Watu sita waliofunga safari kutoka Oslo kuja kumtembelea huyo mwenye mbwa wamebaki wanatazamana. Ni watu wa mjini, wasomi, hodari wa kusema, na kimya hakiwezi kudumu mbele yao. Haupiti muda, kila mmoja ameshapata maelezo yake, na hakuna maelezo yanayopatana na ya jirani.

Hapo ndipo De dødes tjern inapomshika mtazamaji. Ni filamu ya Norwei iliyotoka Desemba 1958, ikaongozwa na Kåre Bergstrøm, nyeusi na nyeupe, haifiki dakika 80. Kwa Kiswahili tungeiita Ziwa la Wafu, ingawa neno tjern ni dogo kuliko ziwa: ni yale maji ya msituni yaliyotulia, yasiyo na wimbi wala mvuvi, miti imeyazunguka pande zote yakaonekana kama jicho. Wanorwei wana neno lake kwa sababu misitu yao imejaa maji ya namna hiyo. Sisi tutajisaidia na ziwa.

Nikisema imesahauliwa lazima nijisahihishe mapema. Kwao haijasahauliwa. Mwaka 1998 wahakiki wa filamu wa Norwei walipopiga kura kuchagua filamu bora za nchi yao, hii ilishika nafasi ya nne. Mwaka 2019 mwongozaji Nini Bull Robsahm aliitengeneza upya. Lakini vuka mpaka uone. Mpenzi wa hadithi za upelelezi za Skandinavia atakutajia Wallander, mpelelezi wa Uswidi, na koti lake, atakutajia tamthilia ya Denmark ya 2007 na yule mpelelezi wa kike wa sweta la sufu, atakutajia ile tamthilia ya 2011 yenye maiti katikati ya daraja la Denmark na Uswidi. Hili jina atalikosa. Na wale wachache wa nje walioiokota hivi karibuni, kampuni ya Kimarekani ya Severin iliyoitia mwaka 2021 kwenye sanduku lake la filamu za utisho wa kimila, wameifanyia hisani kubwa na kosa moja. Wameiweka kwenye rafu ya mizimu.

Mzimu upo, sibishi. Ila filamu ya utisho huuliza kama tutanusurika. Hii inauliza kulitokea nini, na nani miongoni mwetu ana haki ya kulieleza. Hilo la pili ni swali la upelelezi.

Kisa ni hiki. Bjørn Werner amehamia kwenye nyumba ya mbao iliyo peke yake katika misitu ya Østerdalen, mashariki mwa Norwei. Dada yake Liljan anahisi kuwa huko aliko hayuko salama, na hisia za hawa ndugu wawili ni za kupita kawaida, mmoja akiumwa mwingine anasikia. Basi Liljan na mchumba wake, mwanasheria Harald Gran, wanakwenda kumwona pamoja na marafiki wanne: mwandishi wa riwaya za upelelezi Bernhard Borge na mkewe Sonja, mhariri wa jarida Gabriel Mørk, na Kai Bugge, daktari wa nafsi aliyebobea katika mafundisho ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Wanakuta nyumba haina mtu, mbwa amekufa, na polisi wa kijijini anawapa historia ya mahali. Zamani aliishi hapo mtu aliyemuua dada yake pamoja na mpenzi wa dada huyo, akaitupa miili ziwani, kisha naye akajizamisha. Tangu siku hiyo, wenyeji wanasema, anayelala katika nyumba ile huingiwa na roho ya muuaji na kuvutwa kwenda majini.

Ungekuwa umezaliwa pwani ungekatiza hapo hapo: chunusi. Ndiye anayemvuta muogaji miguu, na kila kina kirefu chenye sifa mbaya kina wake. Wanorwei nao wana wao, humwita nøkken, kiumbe wa maji anayeita watu wakazame, na mchoraji Theodor Kittelsen alimchora mwaka 1904, macho mawili tu na kichwa cheusi juu ya ziwa lililojaa majani. Mtoto wa Kinorwei hukua na picha hiyo. Kwa hiyo mtazamaji wa 1958 hakuhitaji kufundishwa kuogopa maji haya. Bergstrøm alikuta woga umeshapandwa, akavuna.

Alichokifanya mwandishi wa kisa ni kuwatia watu sita katika chumba kimoja, akampa kila mmoja namna yake ya kusoma kifo. Gran, mtu wa mahakama, anatafuta nyayo, saa, na nani alikuwa wapi. Kwake hakuna roho, kuna mhalifu. Bugge hana haja na nyayo. Anatafuta kilichozikwa ndani ya mtu, utotoni, kisichosemeka mezani. Mørk anawacheka wote wawili: kwake ulimwengu una vyumba vingi kuliko vile ambavyo sayansi ina funguo zake. Borge, aliyejipatia riziki kwa kuandika vifo vya watu, anaogopa kuliko wote, na hilo ni utani mzuri ambao filamu haiusisitizi. Polisi ana taratibu zake. Wenyeji, kwa kinywa cha polisi huyo huyo, wana hadithi yao.

Majina yenyewe yanacheza. Gran kwa Kinorwei ni mti wa jamii ya msonobari, ule ulionyooka wa misitu ya kaskazini. Bjørn ni dubu. Mørk ni giza, na aliyeitwa Giza ametangulizwa jina la malaika Gabriel. Anayejua Kinorwei hutabasamu. Asiyejua hapungukiwi sana, lakini amepitwa na kidokezo.

Sasa subiri. Riwaya iliyozaa filamu hii ilitoka mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, na jina lililokuwa kwenye jalada ni Bernhard Borge. Yaani msimulizi wa kisa na mtunzi wa kitabu ni jina moja. Nyuma ya lakabu hiyo alikuwa kijana wa miaka 24, André Bjerke, mshairi, baadaye mmoja wa wafasiri wakubwa wa nchi yake, aliyewatia Shakespeare na Goethe katika Kinorwei. Filamu ilipotengenezwa, Bjerke aliamua kuigiza. Ungetarajia achukue nafasi ya Borge, ambaye ni yeye mwenyewe kwa jina la kuazima. La. Borge alipewa Henki Kolstad, mchekeshaji ambaye watoto wa Norwei wangekuja kumpenda mwaka 1979 kama fundi viatu mpole wa kipindi cha Krismasi cha televisheni. Bjerke akachukua nafasi ya Mørk, mtetezi wa mambo yasiyoonekana. Na Liljan, anayeitwa na maji, aliigizwa na Henny Moan. Bjerke na Moan walikuwa mume na mke.

Mtu anaweza kuyachukulia haya kuwa umbea wa wasanii. Mimi nayachukulia kuwa saini. Mwandishi ana wahusika wawili wanaoshindana kufumbua fumbo, Gran wa nyayo na Bugge wa nafsi, na katika vitabu vyake Bugge ndiye shujaa, anarudi tena na tena. Kwenye filamu mwandishi anakataa kuwa yeyote kati yao. Anakaa kwenye kiti cha yule anayesema: mnajua kidogo kuliko mnavyodhani. Hakuna aliyemlazimisha.

Na alikaa hapo maisha yake yote. Bjerke alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyeuamini ulimwengu wa roho, alipenda kubishana na wanasayansi, alicheza sataranji na kuiandikia kitabu kizima. Ila vita vyake vikubwa vilikuwa vya lugha. Norwei ina Kinorwei cha kuandika cha aina mbili, na baada ya vita dola ilitaka kuzisogeza hadi ziwe moja kwa vitabu vya shule na kamati za wataalamu. Kuanzia 1951 wazazi waliandamana, wengine wakasahihisha kwa kalamu vitabu vya watoto wao, na Bjerke alikuwa miongoni mwa sauti kali za upande huo, akihariri jarida la Ordet, yaani Neno. Mhariri wa jarida ndani ya filamu, mhariri wa jarida nje ya filamu. Kumbuka pia hali ya nchi mwaka ule wa 1958: chama cha Labour kimetawala tangu 1945, Einar Gerhardsen ni waziri mkuu, kila kitu kina mpango na kila mpango una mtaalamu wake. Ni dola iliyofanya mema mengi kwa watu wake na iliyojiamini kupita kiasi. Katika nchi ya namna hiyo, filamu inayowaweka wataalamu msituni na kuwaacha wababaike haikuwa burudani tupu ya kungojea Krismasi.

Hata Bugge hakuwa mgeni. Saikolojia ya Freud ilikuwa na mizizi Oslo kuliko tunavyodhani. Harald Schjelderup, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Oslo, alikuwa mchanganuzi wa nafsi tangu zamani. Wilhelm Reich, mwanafunzi wa Freud aliyeukimbia Unazi, aliishi Oslo kuanzia 1934 hadi 1939, na majaribio yake yalizua ugomvi mkubwa kwenye magazeti. Msomaji wa 1942 alipokutana na daktari mwenye jibu la siri za chumbani kwa kila jambo, alishamjua kwa jina na anuani. Wengine walimheshimu, wengine walimkejeli. Filamu inafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana Bugge wa Erling Lindahl anapendeza: ana akili kweli, na anajipenda kweli.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa. Tuna methali, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa kawaida tunaitumia nusu ya kwanza tu, kuthibitisha umbea. Filamu hii imejengwa juu ya nusu ya pili. Hadithi ya nyumba ile inasema kwamba anayelala humo atavutwa majini. Mtu anaisikia, analala humo, anaanza kujichunguza kama anavutwa, na tayari ameshaanza kuvutwa. Hadithi imemshika mkono. Mkosaji wa kwanza katika kisa hiki si mtu, ni simulizi, na kila mara polisi au mgeni anapoisimulia upya anaongeza kamba nyingine. Hata sisi tulioketi mbele ya kioo tumesimuliwa, ndiyo maana maji yanapotulia tunayatazama kwa hofu ilhali hayajafanya lolote. Je, mzimu haupo, au upo kwa sababu umesimuliwa? Gran hana jibu kwa sababu swali si la nyayo. Bugge ana jibu, ila ni gumu kwake kuliko anavyokiri.

Sitasema nani alifanya nini. Fumbo ni fumbo, na anayekuharibia mwisho amekuibia. Lakini hili naweza kulisema bila kukuharibia: Bugge anapokuja kufungua kisanduku, ufunguo wa Freud peke yake hautoshi. Analazimika kukubali kwamba nafsi mbili zinaweza kuitana kwa mbali, bila sauti wala waya, ndugu akiwaza ndugu akasikia. Hilo halimo katika sayansi iliyokubalika, mwaka ule wala mwaka huu. Mtu wa sayansi ameshinda kwa kuazima jembe la mpinzani wake, na mpinzani wake, aliyeigizwa na aliyeandika kitabu, yumo humo humo chumbani. Roho ya muuaji imefukuzwa kwa mlango wa mbele, halafu kitu kingine kisicho na jina kimekaribishwa dirishani kama mgeni wa heshima.

Hapa siwezi kujizuia kumtaja Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, mwaka uleule aliozaliwa Bjerke. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 la Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, kikachapishwa 1960. Kwa hiyo katika miezi ileile ambayo Bergstrøm alikuwa akipiga picha ziwa lake, hadithi ya Kiswahili ya upelelezi ilikuwa inazaliwa, nayo ilikuwa na maiti iliyokutwa mahali pa mizimu, wenyeji waliojua maana yake, na mtu mwenye kiko aliyekataa kuijua maana hiyo. Hawakusomana. Hakuna njia ambayo mmoja angemfikia mwingine. Wote wawili wameiona tu nafasi ileile: mahali palipokwisha kuwa na maelezo ya kifo ndipo pazuri pa kumtupia mpelelezi, maana hapambani na muuaji peke yake, anapambana na maelezo yaliyomtangulia kufika.

Tofauti yao ndiyo inayonifurahisha. Mtu aliyelelewa na vitabu vya shule angedhani wa Ulaya atafagia mizimu na wa Unguja ataibakiza. Kumbe Bwana Msa ndiye anayefagia, tena bila huruma. Akishamaliza hakuna kivuli kilichobaki chini ya mbuyu, kuna tamaa za watu, mirathi na siri za nyumba. Daktari wa Oslo, mwenye shahada zake na lugha yake ya kitaalamu, ndiye anayemaliza kazi akiwa ameacha mlango wazi. Nadhani sababu si ngumu. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari, akiandikia wasomaji waliokuwa wanaijaribu elimu mpya kama kiatu kipya, na alitaka kuwaonyesha kwamba kinavalika. Bjerke aliandikia wasomaji waliokwisha kuvaa kiatu hicho kiasi cha kusahau kwamba wana miguu.

Kuhusu picha zenyewe, sema polepole. Mpiga picha alikuwa Ragnar Sørensen, na kazi yake ni ya mtu aliyeelewa kwamba msitu hauhitaji kusaidiwa kutisha. Tumezoea Skandinavia ya theluji, anga la rangi ya risasi na mpelelezi aliyechoka akiendesha gari la kizee. Hapa ni kiangazi. Watu wamevaa mashati, jua linapiga, maji yanang'aa, na mchana ziwa ni zuri kiasi kwamba ungetamani kuvua nguo uoge. Uzuri huo ndio mtego. Wenyeji walisema maji yanavuta, na sasa unaona kwa macho yako kwamba ni kweli yanavuta, bila mzimu wowote, kwa sababu tu ni mazuri na mahali pametulia. Hakuna filamu ya theluji iliyowahi kunitia wasiwasi kwa njia hiyo.

Halafu usiku unakuja, na Liljan anaamka bila kuamka. Anatembea usingizini kuelekea majini, nguo ya kulalia nyeupe katikati ya vigogo vyeusi, hatua za mtu anayejua anakokwenda. Kama utatazama dakika chache tu za filamu hii, tazama hizo. Bergstrøm hakimbizi kamera wala hatutupii uso wa kutisha. Muziki wa Gunnar Sønstevold, mtunzi ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kwake kujaribu sauti za kielektroniki, unabana bila kupiga kelele. Ni ufundi wa watu wenye fedha kidogo, na filamu za Norwei siku zile zilitengenezwa kwa fedha kidogo kweli, chache kwa mwaka, kwa ajili ya kumbi ambazo nyingi zilimilikiwa na manispaa. Ukikosa fedha za kumtengeneza mzimu, unamtembeza mwanamke taratibu kuelekea kwenye maji, na mtazamaji anamtengeneza mzimu mwenyewe bure.

Ina kasoro, tena za wazi. Inaongea mno. Kuna vipindi ambapo unahisi umekaa kwenye ukumbi wa maonyesho ya jukwaani, mtu anasimama, anasema hoja yake, anakaa, mwingine anasimama. Maelezo ya mwisho ni marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Ukitaka kuitetea utasema kwamba miaka miwili baadaye Hitchcock mwenyewe, katika Psycho, alimsimamisha daktari wa akili mwishoni aeleze yote, na watu hadi leo wanalalamika. Ni kweli, ila kosa la mkubwa halihalalishi la mdogo.

Kasoro ya pili inanikera zaidi. Wanaume wanne wanabishana usiku na mchana juu ya kinachomtokea mwanamke mmoja, na mwanamke mwenyewe anaulizwa kidogo mno. Liljan ni redio inayopokea mawimbi: kaka anatuma, mchumba anazuia, daktari anatafsiri. Moan anaigiza vizuri, macho yake yana uchovu wa mtu anayelindwa kupita kiasi, lakini maandishi hayakumpa nafasi ya kuwa na maelezo yake. Katika filamu ambayo kila mtu ana nadharia, yeye ndiye asiye nayo. Simulizi ya kale ilihusu mwanamume aliyeona dada yake ni mali yake. Filamu inaliona hilo, inalielewa, inakaribia kulisema kwa sauti, kisha inawarudishia wanaume maikrofoni. Nimejiuliza kama Bjerke alifanya makusudi. Sidhani. Nadhani hapo ndipo na yeye alipokuwa mtu wa wakati wake, mtu wa Oslo wa 1942 na wa 1958.

Toleo la 2019 lilijaribu kurekebisha kwa kumweka Liljan katikati, na ni uamuzi wa busara. Ila lilikwenda na rafu ile niliyoilalamikia. Liliiamini nusu ya kisa iliyo ya utisho, vijana, ndoto mbaya, vivuli, na likapunguza mabishano. Ukishayapunguza mabishano unabaki na nyumba ya msituni kama nyumba nyingine zote za msituni ambazo sinema imetujengea tangu miaka ya 1980. Ya 1958 ilikuwa imeshajenga yake kabla ya hizo zote, na ilikuwa na kitu ambacho hizo hazina, ingawa wageni zinao: wageni wenye maoni.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo faida ya kuirudia leo, hasa kwa anayezijua hadithi za upelelezi za kaskazini kupitia mafanikio yao ya miaka hii. Zile za sasa zina mpelelezi wa serikali. Anaweza kuwa mlevi, ametalikiwa, hajalala, lakini ana kitambulisho mfukoni na ofisi nyuma yake, na mwishoni maelezo yake ndiyo yatakayoandikwa kwenye faili. Mtazamo huo ulipata umbo lake na wale wapenzi wawili wa Uswidi, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliotoa vitabu kumi kati ya 1965 na 1975 wakiichunguza dola kupitia askari wake. Walikuwa wakali, nami nawapenda. Lakini tangu wao, hadithi ya Skandinavia imekubaliana kimyakimya kwamba ukweli wa kifo unakaa kituo cha polisi, hata kama kituo kimeoza. Ziwa la Wafu ni ya kabla ya makubaliano hayo. Polisi yumo, ni mtu mwema, hana la ziada. Ukweli unagombaniwa sebuleni, na watu wa kahawa na sigara, na hakuna mwenye kitambulisho.

Ukiipata, itazame katika lugha yake, na maandishi ya chini kwa lugha yoyote unayoimudu. Kinorwei cha Bjerke ni kile kilichopigwa pasi, cha watu waliosoma, na hata usipoelewa neno utasikia jinsi wanavyotumia ufasaha kama ngao. Kadiri wanavyozidi kuogopa ndivyo sentensi zao zinavyozidi kunyooka. Kolstad peke yake anaacha sauti itetemeke.

Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa upande wa Gran, nikihesabu nyayo, nikakosea. Mara ya pili, nikishajua mwisho, nilikuwa na Bugge, nikifuatilia kila neno la Liljan kama ushahidi, na kila kitu kikakaa mahali pake isipokuwa hicho kimoja cha kuitana kwa mbali. Mara ya tatu nilimtazama Mørk tu, hata pale wengine walipokuwa wakizungumza. Huyo ndiye mtu aliyeandika kitabu kilichowapa wote maneno ya kusema, wa nyayo, wa nafsi na wa roho. Uso wake ni wa mchezaji wa sataranji aliyekwisha kusogeza, anangoja mwenzake agundue.